Wiki tatu na shangingi la shemeji, na daftari langu la lita

Mwezi wa saba shemeji yangu alisafiri kikazi wiki tatu nje ya nchi, usiku wa kuamkia safari akanipa funguo mbili, ya geti na ya gari. "Shem, hili dude lisikae bure betri itakufa, litembeze tu, watoto wapeleke shule, dada yako mzungushe anapotaka, ila mafuta juu yako." Afu akacheka kale kacheko kake ka puani. Mi nikaona kawaida tu, nani anakataa kukabidhiwa V8, nikamwambia shemeji we nenda kwa amani.

Kile kicheko nilikuja kukielewa kesho yake sheli.

Gari lenyewe ni Land Cruiser 200, ya 2012, ya kuagiza Japani, petroli, injini lita 4.6 pistoni nane. Mi gari yangu ni IST ya cc 1300, kwahiyo kwa akili yangu nilijua tu kwamba hili litakula zaidi, kama mara mbili hivi. Sheli ninayojazia siku zote iko huku kwetu Kisasa, Dodoma, na dada wa pale ananijua vizuri, nikiingia na IST haulizi hata swali, anaweka ya elfu ishirini huku anaendelea na stori zake na mwenzie. Siku hiyo taa ya mafuta ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, nikaingia, akaja mbio ambayo sijawahi kuiona, "karibu bosi, fulu?" Hakunitambua kabisa. Na mimi kile kiburi cha kukaa juu juu kule kikanishika, nikajibu fulu.

Namba zikaanza kukimbia. Elfu hamsini ikapita, themanini, laki, laki na nusu, hapo nikashuka nikainama kuangalia uvunguni kama kuna sehemu inavuja, maana IST ingekuwa imeshatapika zamani. Laki mbili ikapita. Ikaja kujikata kwenye lita 84. Humu ndani nitahesabia elfu tatu kwa lita tu ili nisichanganye watu, maana EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wanatoa bei kikomo mpya kila mwezi na huku Dodoma mafuta huwa juu kidogo ya Dar kwa sababu ya kusafirisha, ila kwa hesabu hiyo ni 252,000. Laki mbili na hamsini na mbili elfu jamani, kwa tenki moja. Na nikaja kuambiwa tenki lake ni lita 93 na kuna V8 zingine zina tenki ya pili nyuma ya lita 45, yaani lita 138, nikashukuru Mungu hili la shemeji lina moja.

Nikanunua daftari. Sio utani, daftari la mia tano dukani kwa Mpemba, nikaandika juu "SHANGINGI".

Ukienda kijiweni ukauliza V8 inatembea kilomita ngapi kwa lita unaanzisha ugomvi. Mmoja atakwambia nne, mwingine anaapa kwa mama yake kwamba ya bosi wake inaenda kumi, na kila mtu anasoma kile kioo cha kwenye dashibodi. Kile kioo mi sikiamini sana, mara nyingi kinajipendelea. Njia ya kweli ni ya kizamani, unajaza fulu mpaka pampu ijikate yenyewe, unaandika kilomita, unatembea, unarudi sheli ileile ikiwezekana pampu ileile, unajaza tena mpaka ijikate, lita zilizoingia ndo ulizokula, unagawanya. Hamna siri nyingine. Ukiweka ya elfu hamsini hamsini hutakaa ujue kitu, na nadhani wengi hawataki kujua.

Wiki ya kwanza sikubadilisha kitu, nikaendesha kama nilivyoona wenye magari haya wanavyoendesha. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu watoto shule, na Julai hapa Dodoma mnaijua ile baridi na ule upepo, nawasha gari linaunguruma getini dakika kumi wakati dada anatafuta soksi za mdogo. Shule yenyewe haifiki kilomita tatu. Narudi, nazima. Saa nne natoka tena kwenda Majengo sokoni, nazima. Mchana Area C kwa mama mkwe wa dada, nalisubirisha linawaka nje na AC maana jua la saa saba huku halijui kama asubuhi ulikuwa unatetemeka. Siku mbili nikaenda Mtumba, ndo kaumbali pekee ka maana.

Nikajaza. Kilomita 231, lita 52. Piga kalikuleta: 4.4 kwa lita. Nikarudia nikidhani nimekosea. 4.4. Kila kilomita moja inanitoka shilingi mia sita na sabini na kitu, yaani nikienda Mtumba na kurudi kutoka Kisasa tu hapo, kama kilomita 25, elfu kumi na saba imeshaondoka. Bajaji zenyewe hazina roho hiyo. IST yangu kwa njia hizohizo inaenda 12.

Nikalipeleka kwa fundi, si kwamba lina tatizo, ni mi nilitaka liwe na tatizo. Fundi wangu huyu ni mtu wa maneno machache, akachomeka kile kidude cha kusoma kompyuta chini ya usukani, akaangalia simu yake, akasema "Bro, gari zima hili. Hivi ndo lilivyo." Akachungulia eya klina, ilikuwa na vumbi la Dodoma lile jekundu, tukaipiga upepo lakini akanionya nisitegemee muujiza, kwenye injini hizi za sindano kompyuta ikiona hewa ndogo inapunguza na mafuta, utakachopoteza zaidi ni nguvu. Kilichomuuma yeye ni tairi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kistika cha upepo wa tairi kimeandika 33 (PSI), tairi zilikuwa na 27, moja 26. Gari la zaidi ya tani mbili na nusu linakanyagia matairi laini hivo, ni sawa na wewe kukimbia kwenye mchanga wa mtoni.

Halafu akanionyesha kitu ambacho ndo kimenifanya niandike yote haya. Gari linaunguruma tu, halijatoka hata hatua, akaniambia angalia hapa. Ile programu yake ilikuwa inaonyesha mafuta yanayoingia kwa saa. Bila AC ilikuwa inacheza kwenye lita moja na nusu. Akawasha AC, feni ikaja juu, ikapanda ikavuka mbili. Lita mbili kwa saa, gari limesimama, hakuna anayeenda popote! Pistoni nane zinapanda na kushuka, shafti zinazunguka, pampu, altaneta, kompresa ya AC, vyote vinalishwa, na hiyo 4.4 ukiitazama vizuri ndani yake kuna masaa ya kusimama ambayo kilomita zake ni sifuri.

Tangu siku hiyo siwezi kupita maegesho ya semina yoyote hapa mjini nikawa na amani. Mnajua wenyewe, Dodoma ni mji wa semina na vikao, pita nje ya ukumbi wowote saa tano asubuhi uone mashangingi yamepangwa kama meno (jina hilo tuliwaibia wadada wa mjini wa kujikwatua, mi sitaki kesi), vioo vimepandishwa, injini inanguruma, dereva kalaza kiti kavua viatu anaangalia vichekesho kwenye simu. Semina inaisha saa tisa. Masaa manne ni lita nane, elfu ishirini na nne, IST ingenifikisha kilomita tisini na kitu. Nilimuuliza dereva mmoja mzee wangu namfahamu, kwanini huzimi? Akaniangalia kwa huruma, "Mwanangu, bosi akitoka akakuta gari la moto mi ndo naulizwa. Mafuta hakuna anayeniuliza." Sikuwa na jibu.

Na ndo hapo nikamuelewa na yule wa kijiweni anayeapia kumi. Hadanganyi kabisa, kuna siku kweli aliona kumi kwenye kioo, alikuwa anashuka mlima.

Wiki ya pili nikabadilisha tabia, gari lilelile, njia zilezile karibu. Upepo wa tairi 33. Keria ya juu nikaifungua nikaiweka stoo, haina mzigo tangu likizo ya Krismasi, kazi yake ni kukinga upepo tu. Asubuhi nawasha wakati watoto wameshakaa wamefunga mikanda, sekunde kadhaa natoka taratibu, injini inapata moto njiani, maana ikiwa ya baridi kompyuta inaimwagia mafuta ya ziada mpaka ichangamke, na ukiiacha imesimama ndo inachelewa zaidi kuchangamka. Safari fupifupi nikazifunga pamoja, shule, soko, mama mkwe, mzunguko mmoja. Nikisubiri zaidi ya dakika moja nazima nashusha kioo, upepo wa Dodoma si wa bure? Mlinzi wa kwa mama mkwe, mzee wa Kigogo, siku ya kwanza nilipozima akaja akaniuliza kama limeharibika.

Kilomita 248, lita 47.5. Ni 5.2. Sijaweka kifaa chochote, sijabandika sumaku kwenye bomba la mafuta kama wanavyouza mtandaoni huko, ni kuzima na kujaza upepo. Bado ni mengi, sikatai. Wamarekani kwenye vipimo vyao rasmi, ile 200 yenye injini ya lita 5.7 waliiandikia maili 13 kwa galoni mjini na 18 barabara kuu, ukigeuza ni kama kilomita 5.5 na 7.7 kwa lita, kwahiyo hili la 4.6 kucheza kwenye tano mjini ni haki yake, uzito ndo ule, kila ukilisimamisha kwenye tuta ule mwendo wote uliolipia unageuka joto kwenye breki, unaanza kununua mwendo mpya. Mjini kinachokuua ni uzito na kusimama. Ndo maana tuta moja la Ilazo linaniuma kuliko kilomita tano za lami.

Sasa wiki ya tatu shemeji anarudi, dada akasema twende kumpokea Dar na gari lake. SGR ipo, ile treni ya umeme, tangu 2024 inafika Dodoma, mtu anapanda anashuka na kilo zake, lakini dada alikuwa na mizigo ya kuchukua Kariakoo na ukishamuona dada yangu ana orodha unanyamaza.

Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, tenki fulu. Hapa nilikuwa na hamu ya kuona. Dodoma iko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, Dar iko baharini, kwahiyo kwa jumla unashuka, ila upepo wetu unavuma kutoka mashariki, unakupiga usoni mpaka unaanza kushuka kule. Nikajiwekea 90, isipokuwa vijijini 50, na vijiji vya njia ile ni vingi, Chamwino, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo, na kila kimoja kuna uwezekano wa trafiki kajificha na tochi ya kupima spidi nyuma ya mwembe. Nilichokuwa nafanya, nikiona kile kibao cha 50 kwa mbali natoa mguu mapema, gari linajiendea lenyewe mpaka linafika hamsini bila breki. Mabasi yananipita yananipigia honi, dada kalala.

Mteremko wa kutoka Gairo kwenda Dumila kuna watu wanaweka N, yaani gia huru, eti gari lishuke bure. Nimekuwa nikisikia hiyo tangu utoto na nilikuwa naiamini. Fundi alinikatalia kabisa, akasema injini ya kisasa ukitoa mguu ikiwa kwenye gia, sindano zinakata mafuta kabisa, sifuri, kwa sababu tairi ndo zinazungusha injini. Ukiweka N injini lazima ijilishe yenyewe isizime, yaani hapo ndo unatumia mafuta, na breki za gari la tani mbili na nusu unaziachia mzigo wote peke yao. Kwahiyo nikaliacha kwenye D, gia ya kwenda mbele, nikashusha gia kwa mkono kidogo, na ile namba ya ulaji ya papo kwa papo kwenye kioo ikapanda mpaka mwisho ikakaa hapohapo kilomita kadhaa. Raha yake ni ya kitoto.

Nilijaza Dar kabla sijaingia kwenye foleni ya mjini. Kilomita 456, lita 55. 8.3! Dude lilelile lililonipa 4.4 wiki ya kwanza, dereva yuleyule, na ndani tumekaa watu watatu na begi. Nikamwamsha dada nimuonyeshe daftari, akasema "hongera" akalala tena.

Shemeji akatua, kalala kwa ndugu siku moja, mizigo ya Kariakoo ikajaa mpaka dari na iliyobaki ikafungwa kwenye keria, maana ile keria nilikuwa nimeirudisha nisije nikaulizwa. Kurudi akasema "shem leta funguo, nimekimiss chuma changu." Basi nikakaa kiti cha kushoto na daftari langu mapajani.

Shemeji anaendesha kama anafukuzwa. Kuanzia Chalinze ikawa 120, na sehemu ya wazi nikaona na 130, anakuta semi anafunga breki, anaovateki kwa mguu mpaka chini, ile injini inanguruma kama simba kalala njaa, anarudi 120. Sikusema kitu, ni gari lake na ni shemeji. Lakini nilikuwa nafanya hesabu kichwani. Ukinzani wa hewa haupandi sawasawa na spidi, unapanda kwa spidi mara spidi, kutoka 90 kwenda 120 ni theluthi moja tu ya spidi lakini hewa inakusukuma nyuma karibu mara 1.8, na uso wa gari hili ni kama ukuta wa choo cha shule, juu yake kuna keria na magodoro mawili. Ongeza mlima. Kulipandisha na mizigo, tuseme tani 2.8, kutoka usawa wa bahari mpaka Dodoma, kwa jinsi injini ya petroli inavyopoteza robo tatu ya mafuta kwenye joto, ni kama lita tatu na nusu mpaka nne zinazoenda kwenye kupanda tu. Nilitegemea mlima uwe ndo mwizi mkubwa, kumbe kwenye safari ya kilomita 450 mlima ni kijana mdogo, mwizi ni mguu.

Tulipofika Kisasa nikamuomba apitie sheli. Dada wa pale akaja mbio, bosi karibu, fulu? Fulu. Ikajikata lita 68. Kilomita 458.

"Sita nukta saba," nikamwambia. Akaniuliza sita nukta saba ya nini. Nikampa daftari. Akawasha taa ya ndani akasoma kurasa zote nne, polepole, kidole kinafuata mstari, alipofika kwenye 8.3 akasimama. "Hii ulishuka na N?" Nikamwambia hapana shemeji, D. Akanyamaza. Afu akarudi ukurasa wa kwanza, kwenye 4.4, akaonyesha kwa kidole. "Na hii?" Nikamwambia hiyo ndo unavyoliendesha wewe kila siku.

Kumbe kazini kwao kuna kadi ya mafuta, anachanja tu, mkataba ule unaisha Desemba. Hajawahi kuhesabu hata siku moja tangu alinunue. Akaanza kuniuliza kuhusu 300, ile iliyotoka 2021, V6 yenye tabo mbili, kwamba si inakula kidogo? Nikamwambia ni kweli wameipunguza kama kilo mia mbili na gia zimekuwa kumi, itasaidia, lakini ukiiacha inaunguruma nje ya ukumbi masaa manne nayo itakula bila kwenda popote. Akacheka, safari hii si kwa puani.

Leo asubuhi nimeenda sheli na IST yangu. Dada wa pale kaniangalia, kaangalia gari, kaniangalia tena, akaweka mkono mdomoni. "Kumbe bosi ni wewe?" Nikamwambia weka ya elfu ishirini.